Pet Sounds

Pet Sounds ni albamu ya kumi na moja ya studio kutoka kwa bendi ya muziki wa pop ya nchini Marekani, The Beach Boys. Ilitoka tarehe 16 Mei 1966 kupitia lebo ya Capitol Records. Ina nyimbo 13 na urefu wake ni kama dakika 36. Mtayarishaji, mpangaji wa ala na mtunzi mkuu wa muziki wake ni Brian Wilson, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23. Maneno ya nyimbo nyingi aliyaandika pamoja na Tony Asher, mtunzi wa matangazo ya biashara ambaye hakuwa mwanachama wa bendi.

Leo albamu hii huhesabiwa miongoni mwa albamu bora kabisa za muziki wa pop. Haikuanza hivyo. Nyumbani Marekani mauzo yake yalikuwa ya kawaida tu kwa bendi iliyozoea kukaa juu ya chati, na lebo yake ilitoa santuri nyingine ya bendi hiyohiyo kabla miezi miwili haijaisha. Huko Uingereza ilipokewa kwa shangwe mwaka uleule. Kuna pia swali ambalo limezungumzwa tangu siku ya kwanza: je, hii ni albamu ya The Beach Boys, au ni kazi ya mtu mmoja iliyobandikwa jina la bendi?

Usuli

The Beach Boys ilianzishwa mwaka 1961 mjini Hawthorne, California. Ilikuwa bendi ya kifamilia: ndugu watatu, yaani Brian, Dennis na Carl Wilson, binamu yao Mike Love, na rafiki yao Al Jardine. Baba wa akina Wilson, Murry Wilson, ndiye aliyekuwa meneja wao wa kwanza. Nyimbo zilizowapa umaarufu zilihusu kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, magari ya kasi na mapenzi ya wanafunzi wa sekondari, zikiimbwa kwa sauti nyingi zilizopangwa kwa ustadi.

Tarehe 23 Desemba 1964, akiwa ndani ya ndege kuelekea Houston, Brian alishikwa na hofu kali iliyomfanya alie na kupiga kelele. Baada ya tukio hilo aliamua kutosafiri tena na bendi. Nafasi yake jukwaani ilishikwa kwanza na mpiga gitaa Glen Campbell, kisha kuanzia mwaka 1965 na Bruce Johnston, ambaye alibaki kuwa mwanachama. Tangu hapo bendi ikawa na nusu mbili. Wenzake walikuwa barabarani wakiimba nyimbo ambazo watu walizilipia kuzisikia. Yeye alikuwa Los Angeles, ana piano, studio na muda. Bila mgawanyo huo Pet Sounds isingetengenezwa, na mgawanyo huohuo ndio uliozaa ugomvi juu yake.

Mfano wake mkubwa studioni alikuwa mtayarishaji Phil Spector, aliyekuwa akijaza chumba kimoja wapiga ala wengi wakicheza kwa pamoja hadi sauti zao zinakuwa kama ukuta mmoja. Wilson aliupenda kupita kiasi wimbo wa Be My Baby wa kundi la The Ronettes, uliotoka mwaka 1963 chini ya Spector. Alijifunza kutoka humo kwamba ala mbili tofauti zikipiga noti zilezile kwa wakati mmoja huzaa sauti ya tatu, ambayo si ya moja wala ya nyingine.

Mwishoni mwa mwaka 1965 Capitol walitoa singo mbili za bendi zilizoonyesha jinsi mambo yalivyokuwa. The Little Girl I Once Knew, utunzi mpya wa Wilson wenye sehemu za kimya katikati ya wimbo, uliishia nafasi ya 20 nchini Marekani. Barbara Ann, wimbo wa zamani wa watu wengine ulioimbwa kwa mzaha kama vile watu wako kwenye sherehe, ulipanda hadi nafasi ya 2. Soko lilikuwa limesema linataka nini. Lakini Desemba hiyohiyo Wilson alisikiliza albamu ya The Beatles iitwayo Rubber Soul, na kilichomgusa, kama alivyosimulia mara nyingi baadaye, ni kwamba haikuwa na nyimbo za kujazia nafasi. Siku zile albamu ya pop ilikuwa kwa kawaida vibao viwili vitatu vilivyokwisha kuuzwa kama singo, na vingine vya kusindikiza. Alitaka atengeneze santuri ambayo kila wimbo una kazi yake.

Utunzi

Kwa mashairi, Wilson hakumgeukia Mike Love, aliyekuwa mwenzake wa kawaida katika kazi hiyo. Alimwomba Tony Asher, kijana aliyekuwa akiandika maneno ya matangazo katika kampuni ya matangazo mjini Los Angeles. Walikuwa hawajuani sana. Kwa majuma kadhaa mwanzoni mwa mwaka 1966 Asher alikwenda nyumbani kwa Wilson, wakazungumza kwa saa nyingi juu ya wasichana, ndoa na hofu za kukua, kisha wakakaa kwenye piano. Asher alisema baadaye kwamba kazi yake ilikuwa kama ya mkalimani: hisia na mawazo yalikuwa ya Wilson, yeye akiyatafutia maneno. Nyimbo nane za albamu hii zilitoka katika ushirikiano huo.

Ukizisikiliza kwa mpangilio wa santuri, nyimbo hizo zinafuata njia fulani, ingawa hakuna hadithi iliyoandikwa. Wouldn't It Be Nice inafungua kwa kijana anayetamani wangekuwa watu wazima waishi pamoja. Caroline, No inafunga kwa mtu anayemtazama mpenzi wake wa zamani na kuuliza yule msichana wa kale amekwenda wapi. Kati ya hizo mbili kuna aibu ya kusamehewa mno, kijana aliyeondoka nyumbani na kugundua si yeye aliyedhani, na katika I Just Wasn't Made for These Times, mtu anayehisi kwamba amezaliwa katika wakati usio wake. Hakuna mawimbi wala magari.

Caroline, No ina asili ya kuchekesha kidogo. Asher alikuwa na maneno yaliyomhusu msichana aitwaye Carol. Wilson alisikia jina Caroline na neno la kukataa, na kosa hilo la sikio likawa jina la wimbo.

Wimbo unaosifiwa zaidi ni God Only Knows, yaani "Mungu pekee ndiye ajuaye". Ni wimbo wa mapenzi usioanza kwa kiapo. Mwimbaji anaanza kwa kukiri kwamba huenda mapenzi yake yasidumu, ndipo anageuka na kueleza maisha yangekuwaje bila mwenzake. Kutaja jina la Mungu katika kichwa cha wimbo wa pop lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili wakati ule, kwani vituo vya redio vingeweza kukataa kuupiga. Wilson na Asher walilijadili wakaamua kuliacha. Kimuziki wimbo huu hautulii. Besi mara nyingi haikai kwenye noti ya msingi ya kordi, kwa hiyo sikio halipati mahali pa kusema "hapa ndipo nyumbani". Shaka iliyo katika maneno imo pia katika muziki wenyewe, na nadhani hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Nyimbo ambazo hazikutoka kwa Asher ni chache. I'm Waiting for the Day ilikuwa imetungwa miaka miwili kabla. Let's Go Away for Awhile na Pet Sounds hazina maimbo kabisa. Ya pili ilikusudiwa iwe muziki wa filamu ya James Bond na iliitwa kwanza Run, James, Run. Sloop John B ni wimbo wa kienyeji kutoka visiwa vya Bahamas. Al Jardine, mpenzi wa nyimbo za aina hiyo, ndiye aliyeupendekeza, na kurekodi kwake kulianza Julai 1965, kabla ya albamu kufikiriwa. Wahakiki wengi huuona kama mgeni asiyefanana na wenyeji wake. Hata hivyo ndio uliofanya vizuri sokoni: singo yake, iliyotoka Machi 1966, ilifika nafasi ya 3 Marekani.

Kurekodi

Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa kati ya Januari na Aprili 1966 katika studio za Hollywood: Western Recorders, Gold Star, Sunset Sound na Columbia. Fundi mitambo aliyefanya kazi na Wilson zaidi alikuwa Chuck Britz wa Western. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola 70,000, kiasi kikubwa mno kwa albamu ya pop ya wakati huo.

Januari wenzake walikuwa ziarani Japani. Wilson hakuwasubiri. Aliwaita wapiga ala wa kukodi ambao wanajulikana leo kwa jina la The Wrecking Crew, watu wazima wenye mafunzo ya jazi na uzoefu wa filamu, ambao wangeweza kupiga wimbo wa Frank Sinatra asubuhi na wa Wilson jioni. Miongoni mwao walikuwa Hal Blaine kwenye drams, Carol Kaye, Lyle Ritz na Ray Pohlman kwenye besi, Larry Knechtel na Don Randi kwenye vinanda, Barney Kessel, Jerry Cole na Tommy Tedesco kwenye magitaa, na Steve Douglas kwenye saksafoni. Kaye alikuwa mwanamke pekee katika vyumba vingi vya namna hiyo, na mtindo wake wa besi umefundishwa kwa wapigaji wengi tangu hapo. Majina yao hayakuandikwa kwenye kava. Tunawajua kwa sababu chama cha wanamuziki kilitaka kila kipindi cha kazi kijaziwe fomu ya malipo, na fomu hizo zimehifadhiwa.

Wilson alikuja na noti alizoziandika mwenyewe, wakati mwingine kwa namna ambayo wapigaji walilazimika kuisahihisha, na sehemu nyingine aliwaimbia tu mdomoni. Hakuwa amesoma muziki chuoni. Lakini wapigaji wamesimulia kwamba alikuwa amekwisha kuisikia sauti nzima kichwani. Alikaa kwenye chumba cha mitambo akisimamisha na kuanza upya, mara kumi, mara ishirini, akibadilisha fimbo ya drams au umbali wa maikrofoni, mpaka chumba kilie kama alivyotaka. Mapendekezo aliyapokea pia. Katika God Only Knows, iliyorekodiwa tarehe 10 Machi na watu kama ishirini, sehemu ya katikati ilikuwa imekwama hadi Don Randi aliposhauri wapige noti fupifupi za kukatika. Ndivyo inavyosikika hadi leo.

Ala zenyewe ni orodha isiyo ya kawaida kwa bendi iliyoanza na magitaa matatu na drams. Kuna kodiani mbili katika Wouldn't It Be Nice, na ndizo zinazoufanya ule mtikisiko ambao wengi hudhani ni wa ala za nyuzi. Kuna kinanda cha zamani cha harpsichord, kinanda cha mdomo cha sauti nzito, njuga, fidla, filimbi na pembe ya shaba. Katika mwanzo wa You Still Believe in Me, Wilson alibonyeza vitufe vya piano huku Asher ameinama ndani yake akizikwanyua nyuzi kwa mkono. Wimbo huohuo una kengele na honi ya baiskeli, kwa sababu ulianza ukiwa juu ya utoto. Maneno yakabadilika, honi ikabaki. Mlio wa kwanza katika Caroline, No ni chupa kubwa tupu ya maji ya kunywa iliyogongwa na Hal Blaine. Katika wimbo wa Pet Sounds mtu anagonga makopo ya soda. Na katika I Just Wasn't Made for These Times kuna ala ya umeme iitwayo Electro-Theremin, yenye sauti inayoteleza kama mluzi wa mzimu, ikipigwa na Paul Tanner, mpiga tromboni wa zamani wa bendi ya Glenn Miller.

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo lazima kukumbuka mashine zilivyokuwa. Wapigaji wote walirekodiwa kwa pamoja kwenye kanda yenye traki chache, tatu au nne. Kisha muziki wote ulipunguzwa na kuwekwa kwenye traki moja ya kanda nyingine, na traki zilizobaki zikajazwa maimbo. Studio ya Columbia ilikuwa na mashine ya traki nane, jambo la anasa wakati huo, na ndiyo maana maimbo mengi yalifanyiwa huko. Uamuzi ukishafanywa haukurudishwa: kodiani ikizidi gitaa leo, itazidi milele. Wilson alichanganya albamu yote kwa mono, yaani sauti itokayo mahali pamoja. Sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa tangu utotoni, na stereo haikuwa na maana kubwa kwake.

Maimbo na mvutano

Wenzake waliporudi Februari walikuta muziki umekwisha kupigwa, na kazi yao imebaki kuimba. Kwa bendi ambayo wanachama wake walijihesabu kuwa wapigaji, hili halikuwa jambo dogo. That's Not Me ndio wimbo ambao ala zake zilipigwa zaidi na akina Beach Boys wenyewe.

Kuimba kwenyewe hakukuwa kwepesi. Wilson aliwarudisha kwenye maikrofoni kwa ajili ya makosa ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, na Mike Love amesema kwamba binamu yake alikuwa na masikio ya mbwa. Nyimbo nyingi Brian aliziongoza kwa sauti yake mwenyewe. God Only Knows alimpa mdogo wake Carl, aliyekuwa na miaka 19, na sauti yake tulivu ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu ya watu. Sehemu ya mwisho, ambapo sauti zinafuatana na kupishana bila kukoma, iliimbwa na watu watatu tu: Carl, Brian na Bruce Johnston.

Ugomvi unaojulikana zaidi ulihusu wimbo uliokuwa ukiitwa Hang On to Your Ego. Love aliona maneno yake yanahusu dawa ya kulevya ya LSD, ambayo Wilson alikuwa amekwisha kuijaribu, na hakutaka kuyaimba. Wilson aliyabadilisha pamoja na Terry Sachen, aliyekuwa msaidizi wa safari za bendi, na wimbo ukawa I Know There's an Answer. Inasimuliwa pia kwamba Love aliwaonya wasivuruge mtindo uliokuwa ukiwaletea pesa. Yeye amekanusha kusema hivyo, na ni haki kuongeza kwamba ndiye aliyesimama mbele ya mashabiki kila usiku na kujua walichotaka. Jardine naye amekiri kwamba mwanzoni muziki huo ulimshangaza.

Jambo hilo lilifika mahakamani miaka mingi baadaye. Mwaka 1994 Love alishinda kesi ya kutambuliwa kama mtunzi mwenza wa nyimbo 35 za bendi, na kutoka albamu hii jina lake liliongezwa kwenye Wouldn't It Be Nice na I Know There's an Answer.

Jina na kava

Juu ya jina la albamu wenyewe hawakubaliani. Love amesema alilipendekeza yeye baada ya kusikia mbwa wakibweka mwishoni mwa Caroline, No. Hao ni mbwa wa Wilson mwenyewe, Banana na Louie, na sauti yao inafuatana na ya treni inayopita. Wilson ametoa maelezo tofauti kwa nyakati tofauti, mojawapo likiwa kwamba herufi P na S ni za Phil Spector.

Picha ya kava ilipigwa tarehe 10 Februari 1966 katika bustani ya wanyama ya San Diego. Inaonyesha bendi ikiwalisha mbuzi. Bruce Johnston hayumo kwa sababu za kimkataba, ingawa aliimba kwenye albamu. Watu wengi wameona kwamba picha hiyo haihusiani kabisa na huzuni iliyo ndani, na ni vigumu kuwapinga.

Mapokezi nchini Marekani

Singo ya kwanza kutoka katika kazi hii, Caroline, No, ilitolewa Machi 1966 kwa jina la Brian Wilson peke yake, na ikaishia nafasi ya 32. Watu walianza kuuliza kama anaondoka kwenye bendi. Albamu ilipotoka ilifika nafasi ya 10 katika chati ya Billboard. Kwa bendi nyingi hayo yangekuwa mafanikio, lakini albamu mbili zilizotangulia zilikuwa zimefika nafasi ya 2 na ya 6.

Viongozi wa Capitol hawakujua waiuze vipi. Tarehe 5 Julai, majuma saba tu baada ya Pet Sounds, walitoa mkusanyiko wa vibao vya zamani uitwao Best of the Beach Boys. Mkusanyiko huo uliuza haraka, na maduka yakaupa nafasi ambayo santuri mpya ilihitaji. Wilson alilichukua jambo hilo kama dharau. Singo ya Wouldn't It Be Nice, iliyofuata Julai hiyohiyo, ilifika nafasi ya 8, na God Only Knows iliyokuwa upande wake wa pili ikafika ya 39.

Wahakiki wa Marekani hawakuichambua kwa kina, lakini lazima ikumbukwe kwamba uhakiki wa muziki wa pop kama kazi ya kuandikwa ulikuwa ndio kwanza unaanza. Jarida la Crawdaddy lilikuwa limeanzishwa Februari mwaka huohuo, na Rolling Stone lilikuwa halijazaliwa. Magazeti ya biashara ya muziki yalitoa aya fupi za kuwaambia wenye maduka nini kitauzika. Hivyo kusema kwamba wahakiki "waliikataa" ni kutia chumvi. Hapakuwa na watu wengi wa kuikataa.

Mapokezi nchini Uingereza

Huko London mambo yalikwenda vingine, na si kwa bahati tu. Bendi ilikuwa imemwajiri Derek Taylor, aliyewahi kuwa msemaji wa The Beatles, naye alieneza kwa bidii wazo kwamba Brian Wilson ni kipaji cha pekee. Mwezi Mei Bruce Johnston alisafiri kwenda London na nakala za albamu. Akiwa hotelini aliipiga mbele ya John Lennon na Paul McCartney. Andrew Loog Oldham, meneja wa Rolling Stones, aliisifu hadharani.

Albamu ilitoka rasmi Uingereza mwishoni mwa Juni, ikapanda hadi nafasi ya 2 na kukaa kwenye chati kwa miezi mingi. God Only Knows, uliotolewa huko kama upande wa kwanza wa singo, nao ulifika nafasi ya 2. Gazeti la Melody Maker liliwauliza wanamuziki kama hii ndiyo albamu ya pop iliyopiga hatua kubwa kuliko zote. Majibu yaligawanyika, lakini Eric Clapton alikuwa miongoni mwa walioisifu bila kusita. Mwishoni mwa mwaka wasomaji wa New Musical Express waliichagua The Beach Boys kuwa kundi bora la waimbaji duniani, mbele ya The Beatles.

McCartney amekuwa shabiki wake mkubwa kuliko wote. Ameitaja God Only Knows kama mojawapo ya nyimbo anazozipenda zaidi, na amekiri kwamba Pet Sounds iliwasukuma kutengeneza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967. George Martin, mtayarishaji wa The Beatles, alisema vivyo hivyo. Kwa hiyo santuri iliyozaliwa kwa kuijibu Rubber Soul ikajibiwa nayo.

Baada ya 1966

Wilson alikuwa amekwisha kuanza wimbo mwingine katikati ya vipindi vya Pet Sounds. Ulikuwa Good Vibrations, uliotoka Oktoba 1966 na kushika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Albamu iliyokusudiwa kufuata, Smile, aliyoiandika na Van Dyke Parks, aliiacha mwaka 1967 bila kuimaliza. Afya yake ya akili ilizidi kudhoofika, na hakuwahi tena kuiongoza bendi kwa uhuru wa namna ile.

Katika miaka hiyo ya mwisho ya sitini The Beach Boys ilionekana Marekani kama bendi ya zamani, na Pet Sounds ilififia pamoja nayo. Mwaka 1972 ilitolewa tena ikiwa imefungashwa pamoja na albamu mpya, Carl and the Passions – "So Tough", jambo ambalo halikuisaidia albamu mpya, kwani kila msikilizaji aliweza kuzilinganisha. Ilitoka kwa CD mwaka 1990, na kizazi cha wahakiki waliokulia na santuri hiyo kilikuwa sasa ndicho kinachoandika. New Musical Express iliiweka nafasi ya kwanza katika orodha yake ya albamu bora za wakati wote mwaka 1993, na jarida la Mojo likafanya hivyo mwaka 1995. Rolling Stone imeipa nafasi ya 2 katika orodha zake za 2003, 2012 na 2020. Mwaka 2000 ilithibitishwa kufikia kiwango cha platinamu Marekani, na mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika rejista ya rekodi zinazohifadhiwa kwa umuhimu wake.

Mwaka 2000 Wilson, mtu aliyekuwa ameikimbia jukwaa, alianza kuipiga albamu nzima mbele ya watu akiwa na bendi iliyobeba hata honi ya baiskeli. Alifanya ziara nyingine kama hiyo kuanzia 2016, ilipotimiza miaka 50. Alifariki tarehe 11 Juni 2025.

Toleo la stereo

Kwa miaka 30 hapakuwa na Pet Sounds ya stereo ya kweli. Mwaka 1996 fundi mitambo Mark Linett alirudi kwenye kanda za mwanzo, akapatanisha kanda za ala na zile za maimbo, na kutengeneza mchanganyiko mpya kwa idhini ya Wilson. Ulitolewa mwaka 1997 katika mkusanyiko wa The Pet Sounds Sessions, ambao una pia ala bila maimbo, maimbo bila ala, na sauti ya Wilson akiwaelekeza wapigaji. Kazi haikuwa kamili: sauti ya Love katika sehemu ya kati ya Wouldn't It Be Nice haikupatikana kwenye kanda hizo, ikabidi itumike ya Brian.

Wapenzi wengi bado husema albamu ni ile ya mono. Katika Here Today ya mono, pale maimbo yanaponyamaza na ala zinaendelea, ukisikiliza kwa makini utasikia watu wakizungumza studioni. Kila mmoja angeweza kuyaondoa mazungumzo hayo kabla santuri haijachapwa, na Wilson, aliyewarudisha wenzake kwenye maikrofoni kwa noti moja, aliyaacha.